Bomba Nililolichagua Mikumi

Andika, Neema, na usiongeze neno lako.

Mimi ni Yeremia, mwana wa Danieli Chibago na Eliwaza binti Lukole. Baba yangu alizaliwa Mamboya, upande wa juu wa misheni. Mama yangu alizaliwa bonde la pili kutoka hapo, na huko kwao ndiko nilikozaliwa mimi, kama ilivyokuwa desturi kwa mtoto wa kwanza. Shule ilikuwa karibu kiasi cha kusikia watoto wakiimba herufi, lakini mbuzi wa baba walikuwa wengi na mimi nilikuwa mkubwa. Wadogo zangu wakasoma, mimi nikachunga. Sijui kusoma hata jina langu. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu lina sehemu yake katika kosa nitakalolieleza.

Wazee wenzangu waliniuliza, lori la kijiji liliporudi Chanzuru likiwa limechelewa, milango yake yote miwili imefungwa kwa kamba ibaki wazi: je, kulitokea nini njiani? Niliwajibu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Ilikuwa mbaya kweli, lakini hilo halikuwa jibu, nao walijua. Waliobaki wangali wanauliza. Jibu lao ni hili.

Chanzuru hadi Kilosa

Ilikuwa miaka ya Vijiji vya Ujamaa. Udereva nilikuwa nimejifunza katika mashamba ya mkonge, kwa kutazama miguu ya aliyeendesha kabla sijaruhusiwa kugusa usukani. Kijiji chetu kilikuwa na lori moja, na siku niliyokabidhiwa, Mwenyekiti alisema mbele ya watu wote: "Yeremia, hili si lako, ni letu. Likiumia, umetuumiza." Nilishika neno hilo kuliko lilivyostahili kushikwa.

Bibi yako Tabitha alikuwa Ruhembe kwa mama yake, na mimba yake ya kwanza. Siku moja msafiri wa treni aliniletea habari: mkunga wa zahanati amempima Tabitha, amekuta mtoto amelala mkingamo. Asijifungulie huko. Afikishwe hospitali ya Kilosa kabla uchungu haujaanza, na uchungu haukuwa mbali. Siku mbili baadaye mvua ikakata tuta la reli, treni ikasimama.

Nikaenda kwa Mwenyekiti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Kaa. Najua kilichokuleta." Akatazama mawingu. "Mahindi ya kijiji yanasubiriwa Mikumi. Yapeleke. Ukishashusha, lori litakuwa tupu, na anayepanda lori tupu hamnyang'anyi mtu nafasi. Lakini usikanyage Ruhembe kabla ya kushusha. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Tulipakia asubuhi. Kilosa ni karibu, lakini pale nilikaa siku nzima na nusu kwa ajili ya petroli, katika foleni ambayo kila aliyekuwa mbele yangu alikuwa na mgonjwa, kwa maneno yake mwenyewe. Niliposema kwamba mke wangu anakaribia kujifungua, bwana mmoja mwenye trekta aliniuliza, "Wako naye? Basi leo tumefika watano." Wakacheka. Nilikula muhogo wa kuchemsha na chai ya rangi, nikalala juu ya magunia, na kila nilipofumba macho nilihesabu siku za Tabitha kwa vidole, na vidole havikutosha.

Kilosa hadi Ulaya

Sasa nieleze jambo la lori, na wasiojua magari wanivumilie. Injini yake ilikuwa na safu mbili za silinda, kushoto na kulia, na kila safu ilitoa moshi kwa bomba lake. Chini ya sakafu ya dereva mabomba hayo yaliunganishwa na kipande cha tatu kilichopita katikati, kutoka la kushoto hadi la kulia. Sisi madereva tulikiita daraja. Daraja likiwa zima, moshi wa pande mbili unasawazishwa na kutokea nyuma kabisa, na lori linanguruma kwa sauti moja. Likivunjika, mabomba yote mawili yanabaki na matundu chini ya miguu yako.

Kabla ya kijiji cha Ulaya, hicho cha kwetu Kilosa, gurudumu liliingia shimoni, tumbo la lori likagonga jiwe, na daraja likakatika. Mlio ulioanza hapo sijausikia tena maishani. Nilipofika kwenye nyumba za kwanza niliona watu wakikimbia: wanawake wenye watoto mgongoni, mzee mmoja na kuku chini ya kwapa, wote wakiingia kwenye mtama. Nilizima injini. Kijiji kizima kikanyamaza.

Nilikaa kwenye kikanyagio cha mlango wa lori nikingoja. Hatimaye mama mmoja mzee alitoka katika mtama, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutuhamisha tena?"

"Hapana, mama. Nimekatikiwa bomba."

"Bomba gani hilo linalolia kama serikali?" Alizunguka lori lote, akainama akachungulia chini, kisha akapaza sauti kuelekea shambani: "Tokeni! Ni mtu wa Chanzuru na takataka yake!"

Walitoka mmoja mmoja, wakiwa na hasira ya watu waliotishwa bure, na mimi ndiye niliyewatisha. Mzee mwenye kuku alidai niwasaidie kuwatafuta watoto wawili waliokimbilia mbali. Nilikwenda. Saa tatu zikapotea humo. Tuliporudi nao, mama yule alinipa ugali wa mtama na mlenda, akasimama mbele yangu mpaka nikamaliza.

Kutoka hapo niliendesha madirisha yakiwa wazi na gunia lililoloweshwa maji juu ya nyufa za sakafu. Moshi ulipanda hata hivyo. Nilifika Mikumi kichwa kikiniuma na tumbo likitaka kurudisha mlenda. Nilijua ni moshi. Iandike hiyo kama ilivyo, Neema: nilijua moshi ule unafanya nini.

Mikumi

Nilishusha mahindi kama nilivyoagizwa, kisha nikalipeleka lori kwa Maganga.

Maganga alikuwa Mnyamwezi na fundi wa kuchomelea. Barabara ya Zambia ilimletea malori yaliyopinduka, na nyuma ya kibanda chake ilijaa mizoga ya magari ambayo aliichuna kidogo kidogo. Alinizidi umri, lakini sikuwahi kumpa shikamoo, kwa kuwa Wanyamwezi na sisi Wakaguru ni watani tangu misafara ya mababu. Mtani hana heshima kwako, wala humkasirikii.

"Loo! Mtumwa wangu amerudi mwenyewe!" alisema. "Babu yako alitua mzigo wa babu yangu njiani akakimbia. Umeuleta?"

"Babu yako alikunywa kisima chetu mpaka kikakauka," nikamjibu. "Ndiyo maana nawe mpaka leo unatoka jasho jeusi."

Mafundi wenzake wakacheka. Nilimweleza shida yangu: daraja limekatika, na kesho napaswa kumtoa mke wangu Ruhembe nimpeleke Kilosa kabla ya uchungu. Maganga aliingia chini ya lori, akatoka, akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na vipande viwili akaviweka chini mbele yangu.

Cha kwanza kilikuwa kimenyooka, kizito, kimepakwa rangi ya fedha, na ubavuni kilikuwa na maandishi yaliyoinuka kutoka katika chuma chenyewe. Nilipitisha kidole juu ya herufi hizo. Cha pili kilikuwa cheusi, kina kutu, na katikati kilikuwa na mikunjo mingi kama shingo ya kuku aliyenyonyolewa.

"Chukua cheusi," alisema Maganga.

"Hicho kibovu?"

"Hiki kina mikunjo. Injini yako inatikisika kushoto kivyake na kulia kivyake. Bomba lenye mikunjo linakubali kutikiswa. Hilo lingine ni fimbo. Halipindi. Litapasuka penye kiungo, na kiungo kiko chini ya miguu ya mkeo."

"Lakini hili lina maandishi."

"Maandishi!" Akawageukia wenzake. "Mkaguru akiona herufi anavua kofia!"

"Mnyamwezi akiona kutu anaweka sufuria jikoni."

Wakacheka tena. Nami niliendelea kulishika bomba la fedha. Nilifikiri kwamba kitu ambacho watu waliosoma wamekiandikia jina hakiwezi kuwa cha hovyo. Nilifikiri pia juu ya Chanzuru, watu wakiinama chini ya lori lao na kuona kutu, wakisema Yeremia ametutilia takataka. Sikufikiri zaidi ya hapo.

"Chagua upesi," Maganga alisema. "Gesi iliyobaki ni ya kuchomelea mara moja tu, na mtungi mwingine uko Morogoro. Ukitaka fimbo yako, chukua. Utamfikisha mkeo Kilosa akiwa maiti, nami nitakuja matangani nile nyama na kulalia kitanda chako."

Nilicheka. Mtu asiye na watani ataona ajabu, lakini kwetu mtani ndiye anayeruhusiwa kukutajia kifo chako usoni. Maganga alikuwa ameniua mara nyingi: kwa tembo, kwa mto, kwa breki. Kila mara nilifika salama, nikarudi kumtukana.

Kisha akafuta mikono kwa kitambaa, akasogea karibu, akasema kwa sauti ndogo, "Yeremia. Sasa naacha utani."

Nilicheka zaidi. Mara ya mwisho aliposema neno hilo hilo alikuwa amenitilia chumvi katika chai.

Halafu akavaa miwani yake ya kuchomelea, akaliingiza bomba la maandishi chini ya lori langu.

Mikumi hadi Ruhembe

Asubuhi lori lililia vizuri, na nilijisifu. Tembo walinizuia njiani muda mrefu, jike na watoto wake wawili wakila kando ya barabara bila haraka, nami nikazima injini nikangoja. Nilipoiwasha tena nilitega sikio. Sauti ilikuwa moja, safi.

Ruhembe nilimkuta Tabitha ameketi uani, miguu imevimba. Mama yake, mkwe wangu, aliniona kutoka mbali, akajifunika kanga kichwani, akaingia ndani. Hivyo ndivyo ilivyopasa. Mkwe wa kike na mkwe wa kiume hawatazamani usoni, hawali pamoja, wala hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu alikuwa hajanena nami neno moja, na hiyo ilikuwa heshima kubwa aliyonipa.

"Mama anasema ule kwanza," Tabitha aliniambia. "Anasema umekonda, au unanihurumia mimi kwa kufunga?"

"Mwambie hatuna muda. Mto Miyombo unajaa."

Sauti ikatoka ndani, si kwangu bali kwa binti yake: "Mwambie mumeo mto haumjui mwenye njaa wala aliyeshiba. Ale."

Nilikula wali na kambale, peke yangu, nikiwa nimeupa mlango mgongo. Tulipoanza kupakia, mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miwa. Mkwe wangu aliamua kwenda na binti yake, na hapo pakatokea ubishi.

"Mama, mvua inakuja. Kaa mbele nasi, nafasi ipo."

"Nikae bega kwa bega na mkwe wangu? Mimi nimelelewa na nani?"

"Utalowa!"

"Nitakauka."

Alipanda nyuma, akaketi juu ya magunia matupu karibu na kichwa cha lori, akajifunika turubai. Tabitha alipanda mbele pamoja nami. Nilimtandikia gunia kavu chini ya miguu, hapo hapo sakafuni.

Ruhembe hadi karibu na Miyombo

Mvua ilitukuta baada ya Mikumi, mchana. Nilipandisha vioo vyote viwili, kwa sababu Tabitha alikuwa akitetemeka. Barabara ilikuwa tope na mawe, na injini ilijitupa huku na huku. Mahali fulani nilisikia sauti ikibadilika, ikawa nzito, ya kifuani. Nilijiambia ni mvua juu ya bati. Bomba lilikuwa jipya, lilikuwa na maandishi. Kusimama kuchungulia kungenipotezea robo saa, na mto ulikuwa ukipanda.

"Kichwa kinaniuma," Tabitha alisema.

"Ni njia. Tutafika."

Baadaye aliniambia miguu yake haina nguvu. Baadaye tena alipiga miayo, akaegemeza kichwa mlangoni, akalala. Nami, Neema, nilifurahi. Nilisema moyoni: vizuri, amepumzika, hatasikia mashimo. Niliendesha na mwanamke anayekufa kando yangu, nikapunguza mwendo ili nisimwamshe.

Mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kuona barabara mbili. Nikachagua moja. Mikono ilikuwa mizito, na jambo hilo halikunisumbua hata kidogo. Kitu cha mwisho nilichokiona ni matete yakija taratibu kwenye kioo.

Kofi ndilo lililoniamsha, na kabla sijajua niko wapi likaja la pili.

"Yeremia! Toka! Toka nje, mpumbavu wewe, unamuua mwanangu!"

Ilikuwa sauti ya mkwe wangu. Alikuwa amefungua mlango, kanga imemwanguka, uso wake mtupu mbele ya uso wangu. Alinishika ukosi akanivuta, nikaangukia topeni. Niliinua kichwa nikaona kwamba alikwisha kumtoa Tabitha kwanza: amelala kwenye majani upande wa pili, mvua ikimpiga usoni, tumbo lake limesimama kama kilima. Hakusogea.

Lori lilikuwa limeingia katika matete na kukaa humo pole pole, kama ng'ombe anayelala. Mlango wazi ulitoa moshi wa buluu.

"Mwamshe!" mkwe wangu alinipigia kelele. "Umelala nini hapo? Mwite! Wewe ndiwe mumewe!"

Nilitambaa. Nilimwita. Mama yake alimkalisha, akampiga mgongoni, akamkanda kifua, akamwita kwa jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia. Sijui ilichukua muda gani. Nilitazama mdomo wake tu. Kisha Tabitha akakohoa, akatapika wali wote, akalia. Mkwe wangu akakaa chini katika maji.

Hatukupata nafasi ya kumshukuru Mungu. Tabitha alishika tumbo, akainama. Uchungu ulikuwa umeanza.

Miyombo hadi Kilosa

Hapakuwa na gari jingine, na hapakuwa na njia nyingine. Nilichungulia chini ya lori: bomba la maandishi lilikuwa zima, limenyooka vile vile, ila penye kiungo palikuwa na ufa niliouingiza vidole vitatu.

Mkwe wangu aliokota kanga yake, akajifunika kichwa, akanigeuzia mgongo. Kisha akasema, akimwelekea Tabitha aliyekuwa akiuma kidole kwa maumivu: "Mwambie mumeo mimi na wewe tutakaa nyuma. Mwambie afungue milango yote miwili aifunge kwa kamba isijifunge. Mwambie nitagonga juu ya bati. Kila nikigonga, apige honi. Asipopiga, nitajua amelala tena, nami nitaruka."

Tabitha hakuweza kusema neno. Lakini nilikuwa nimesikia, na nikafanya.

Nilirudisha lori nyuma kutoka kwenye matete. Niliendesha nusu ya mwili ikiwa nje, mvua ikinipiga sikioni, mkono mmoja ukishika usukani. Ko, ko, juu ya kichwa changu. Nikapiga honi. Ko, ko. Honi. Tulifika Miyombo, maji yakiwa yamefikia mbao za daraja la mto. Watu wa ng'ambo walitupungia mikono kwa nguvu. Wengine baadaye walisema walikuwa wakituzuia. Mimi nilidhani wananiita, nikapita. Katikati ya maji nilisikia Tabitha akipiga ukelele, halafu kimya, na kugonga hakukuja. Nilihesabu pumzi zangu. Hakukuja. Nilitaka kuzima lori juu ya mto ule nikaangalie, na nilijua nikizima halitawaka.

Ko, ko.

Nilipiga honi mpaka ng'ambo.

Tulifika hospitali ya Kilosa kukiwa bado na mwanga. Muuguzi aliyetoka aliona mikono yangu myeusi akaniuliza kama mimi ndiye mgonjwa. Walimpokea Tabitha, wakamgeuza mtoto kwa kazi ambayo nisingeweza kuisimulia hata kama ningeiona. Mtoto alitoka wa kike na hakulia. Muuguzi alikuja kuniambia wanamshughulikia. Akaja tena kuniambia bado. Mara ya tatu hakuja mtu. Nilisikia sauti yenyewe, nyembamba, yenye hasira.

Muuguzi aliponifuata alikuwa akitabasamu. "Kuna mama kule ndani amejifunika. Anasema mkwe wake atafutiwe chakula, na asipewe wali."

Mikumi tena

Baada ya siku saba nililirudisha lori Mikumi, milango ikiwa bado na kamba. Maganga alikuwa amepata mtungi wa gesi. Aliona kamba, akaona uso wangu, hakuniita mtumwa.

"Yuko wapi mkeo?"

"Yuko hai. Na mtoto."

Aliketi juu ya gurudumu.

"Nilikuambia," alisema.

"Uliniambia kwa utani."

"Wewe ni mtani wangu! Ulitaka nikuambie kwa lugha gani? Nimpeleke nani akuambie?"

"Ulisema unaacha utani, nikacheka."

"Ulicheka. Nami nilichomelea." Aliinuka. "Nilipaswa kukataa. Ningekuambia gesi imekwisha. Niliona aibu mbele ya vijana hawa, waseme Maganga ameshindwa na Mkaguru."

Alikata bomba la maandishi akatia lile jeusi lenye mikunjo, na lilikaa chini ya lori lile mpaka lori lenyewe lilipokufa. Alipomaliza alinitoza jogoo, kwa haki ya utani, na nilimpa.

Sasa sikiliza yatakayobaki katika karatasi hizi. Mahali nilipocheka pabaki mara zote mbili. Mahali niliposema nilifurahi kumwona amelala, mama yako atakuambia ufute, usifute.

Na jambo la mwisho. Mkwe wangu aliishi miaka mingi baada ya siku ile, na hakunisemesha tena hata mara moja, wala hakumwambia mtu kwamba alinipiga. Alinirudishia heshima yangu saa ile ile, akiwa amelowa, nami sikuweza kumshukuru, kwa sababu kinywa changu hakikuruhusiwa kumwelekea. Jina lake siwezi kulitaja, kwa desturi ile ile ya wakwe, hata leo, hata ningekuwa nakufa. Mama yako alipewa jina hilo hilo siku ya ubatizo, ndiyo maana hujanisikia nikimwita ila "Binti". Nenda jikoni ukamwulize akutajie lote. Uliandike hapa chini, herufi kubwa, peke yake. Kisha uje uushike mkono wangu, uweke kidole changu juu yake, nijue liko mahali gani.